Sababu ni Piko

Vuai alikula chakula cha watu akijua si haki yake, na alikila mpaka akalamba vidole. Naanza na hilo makusudi. Angeachiwa mwenyewe asimulie angeanza na Jumba, lilivyo refu, lilivyo baridi, saa zake za ukutani zisivyopatana, na mpaka afike kwenye sinia msikilizaji ameshalala zamani. Mwenye aibu ni hodari wa utangulizi. Basi sisi tuanze na sinia: mkate wa kumimina, sambusa sita, kuku wa kupaka, na kawa jekundu juu yake. Lililetwa mezani pake na Bi Nunuu, mama wa mgonjwa wa kitanda cha saba, naye aliliweka kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Kula, baba," akasema. "Wewe ndiye uliyeijua ile piko mapema. Wenzako wote walikuwa wamelala."

Akala. Sambusa ya kwanza ilimkwama kooni, ya pili ikateremka, ya tatu hata hakuihisi. Bi Nunuu alisimama pale akimtazama mpaka akamaliza, akamwombea dua, akachukua sinia lake akarudi kwa mwanawe.

Sasa Jumba. Jumba ni hospitali, usihangaike kutafuta siri hapo. Lakini ni hospitali ya mji usio na jina, na mtu anayefanya zamu za usiku ndani yake kwa muda mrefu hupotelewa na vitu vidogo vidogo. Kwanza hupotelewa na jina la siku. Halafu umri. Halafu korido aliyoiacha ikielekea maabara huikuta inaelekea chumba cha maiti, akiuliza anaambiwa ndivyo ilivyo tangu zamani, na aliyemwambia naye hamjui ni nani. Kila kitanda kina saa yake ukutani, na hakuna saa mbili zinazosema mamoja: kitanda cha kwanza ni saa nane, cha pili ni saa kumi na moja kasorobo, kitanda cha tano bado ni jana. Humo ndimo Vuai alimokuwa fundi wa pumzi. Kazi yake ni kuwapa hewa waliopungukiwa nayo. Kufungua oksijeni, kuvalisha barakoa, kuendesha mashine zinazopumua kwa niaba ya watu, na kila baada ya muda kumbana mgonjwa kidoleni kwa kile kibanio chenye taa nyekundu, kinachosoma damu yake ina oksijeni kiasi gani. Tisini na tano kwenda juu, mtu yu salama. Chini ya tisini, kimbia.

Kuna nyakati aliketi kati ya mashine mbili, akajikuta kifua chake kinafuata moja yao. Ikivuta, anavuta. Ikitoa, anatoa. Akajaribu kuivuta pumzi yake mwenyewe, ya kwake Vuai, akaona haipo karibu, aitafute. Hapo ndipo maswali huingia, maana maswali ya namna ile hayaji mchana. Pumzi ni ya nani? Ya anayeivuta, au ya anayeiona? Mtu akipumua gizani na hakuna aliyeandika kuwa amepumua, je, amepumua? Wewe unaweza kucheka. Mle ndani hawacheki, kwa sababu mle ndani anayetawala ni Ukurasa.

Mganga Mkuu yupo, ndiyo, lakini hakuna aliyewahi kumwona uso. Husikika viatu vyake tu. Mtawala ni Ukurasa, karatasi inayoning'inia miguuni mwa kila kitanda. Kilichoandikwa humo ndicho kilichotokea. Mgonjwa akilia kwamba hakupata usingizi, na Ukurasa ukasema amelala vizuri, huambiwa kwa upole kwamba amelala vizuri, na wako waliokubali wakaomba radhi. Na Ukurasa haufutwi. Wino wake ukiusugua hurudi. Kinachoruhusiwa ni kimoja: kuandika chini yake neno jingine, na kuweka jina lako kamili.

Na Vuai alikuwa ameandika.

Mafundi wa pumzi wa mji ule wana ada yao, haimo vitabuni, wanarithishana mdomo kwa mdomo. Wanawake wa mji ule hupaka hina na piko, na piko nyeusi ikikolea kwenye kucha na ncha za vidole, wakati mwingine taa ya kibanio haipenyi vizuri, namba inaanguka bure. Kwa hiyo fundi akiona piko, haiamini namba wala haikatai. Anakihamisha kibanio kwenye ndewe ya sikio, anapima tena. Basi. Ni kazi ya nusu dakika. Vuai mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha wageni wa kazi, tena kwa mbwembwe. "Kidole kina mapambo," huwaambia, "sikio halina. Ukikiuliza kidole, nenda kaliulize na sikio."

Usiku ule aliletwa Zuwena. Bibi harusi wa siku nne, bado yumo kwenye fungate, kifua kimembana, homa juu, na vidole vyake kumi vimepakwa piko mpaka kwenye kiungo cha kwanza, kazi safi, maua madogo yamefuatana hayakugusana. Ushungi umebanwa kwa pini tatu. Kando yake amekaa mama yake, Bi Nunuu, amemshika bega. Vuai akambana kidole. Kibanio kikafikiri, kikasema: themanini na nne.

"Inasemaje, baba?" akauliza Bi Nunuu.

Vuai akatazama namba. Akatazama ushungi.

"Imeshuka, mama, lakini ni hii piko. Taa haipiti."

"Kwa hiyo si kitu?"

"Si kitu."

Mnaotaka kumtetea, nawajua mtakalosema. Uso umeumbwa na haya, mtasema. Mwanamume hawezi tu kumfungua ushungi mwari wa watu mbele ya mama yake. Kweli. Naye Vuai alijiambia hivyo hivyo, akaivaa haya kama anavyovaa koti la kazi. Lakini nesi wa zamu, Mgeni kwa jina, alikuwa hatua kumi tu, mwanamke mwenzao, angeitwa angekuja, angeingiza mkono chini ya ushungi, kwisha. Na wahenga walishamaliza: mficha uchi hazai. Hiyo haya ilikuwa ya uongo. Ukweli ni mdogo mpaka unatia kichefuchefu: miguu yake ilikuwa inamuuma, na chai yake ilikuwa inapoa.

Akaandika kwenye Ukurasa: *84. Usomaji si sahihi. Sababu ni piko.* Akaenda kunywa chai.

Alikaa dakika kumi, kwa saa ya chumba cha chai. Aliporudi, saa ya kitanda cha saba ilikuwa imeondoka na saa mbili nzima, na Zuwena alikuwa na midomo rangi ya zambarau, macho yamemtoka, anaivuta hewa na hewa haiji. Wakakimbia. Wakamtia mpira kooni, wakamfunga kwenye mashine, mashine ikaanza kupumua kwa niaba yake. Hakufa. Lakini tangu usiku ule hakusema, maana penye mpira sauti haipiti, na dawa ya usingizi ilikuwa ikimiminika mkononi mwake tone kwa tone.

Asubuhi wasomaji wa Ukurasa, wakubwa wa Jumba, walikuja wakasoma, kama wanavyosoma siku zote, haraka, neno la mwisho kwanza. *Sababu ni piko.* Wakaandika chini yake: *Imeonekana.* Mmoja akamwambia mfagizi, mfagizi akamwambia muuza maandazi wa getini, na kabla maandazi hayajakwisha mji mzima ulikuwa unajua kwamba bibi harusi fulani ameingiwa na sumu ya piko, imempanda kutoka kwenye kucha ikamkaba mapafu. Bi Nunuu naye akalisahau lile si kitu, akashika kwamba Vuai ndiye wa kwanza kuitaja piko, na kwa hilo ndipo baadaye akampikia sinia. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lilikuja kweli. Lilikuja mpaka mlangoni kwa Bi Kidawa.

Bi Kidawa ndiye aliyempaka Zuwena. Kawapaka bibi harusi wa mji ule miaka arobaini, kawapaka mama zao, na wengine kawapaka bibi zao. Ndani ya juma moja, ikiwa kuna majuma mle, harusi tatu zikamkataa. Bakuli lake likamwagwa mtaroni na mtu asiyejulikana. Wanawake aliowatoa chozi kwa maneno ya kungwi siku ya kuwafunda wakawa wakimwona wanajifanya wanatafuta ufunguo kwenye mkoba. Lililomuuma kuliko yote ni mkaza mwanawe, aliyeacha kula chakula alichokipika yeye, akisema tumbo linamsumbua.

Vuai aliyasikia hayo moja moja, kwenye chumba cha chai. Kila aliposikia alijimiminia chai nyingine. Na usiku mmoja alipoketi mezani pake akaona kiti cha pili kina mtu. Mwanamke wa makamo, kavaa kandambili zake yeye Vuai, anamtazama kwa utulivu. Hakuuliza nani. Alimjua: Aibu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe akalime. Lakini huyu ukimpa jembe analiegemeza ukutani anaendelea kukutazama. Alikaa naye zamu nzima. Vuai akiinuka kwenda kwa wagonjwa, naye anainuka. Akitazama kioo cheusi cha mashine iliyozimwa aone uso wake, anaona wa yule mwanamke kwanza, wa kwake nyuma.

*Sikuua mtu. Yu hai. Sikuua.*

*Nani kasema umeua?*

*Piko kweli husumbua taa. Kila fundi anajua. Nilichoandika kinaweza kuwa kweli.*

*Kinaweza.*

*Nikisema sasa, nani atapona kwa kusema kwangu? Vuta. Toa. Nani atapona?*

Aibu alinyoosha kidole tu kuelekea kitanda cha saba.

Pale kitandani Bi Nunuu alikuwa anafanya kazi. Kila usiku alikuja na mfuko wake: ndimu, chumvi, dodoki kavu, na kipande cha msasa alichokiomba kwa fundi seremala. Anakichukua kidole cha mwanawe kimojakimoja, anakamulia ndimu, anasugua. Piko haitoki kwa kusuguliwa, hutoka kwa siku zake. Ikigoma, anachukua msasa. Alikuwa ameshaziparua kucha mpaka zimekuwa laini, nyama ya pembeni imechubuka, ndimu inaingia kwenye vidonda, na anayesuguliwa hawezi kusema ah. Nesi Mgeni alimkataza. Bi Nunuu akamvutia Ukurasa, akamwonyesha kwa kidole: *sababu ni piko, imeonekana.* "Wenyewe mmeandika," akamwambia. "Naitoa sumu iliyomo kwa mwanangu, nawe wanizuia? Una mtoto wewe?" Mbele ya Ukurasa watu hunyamaza.

Vuai alikuwa akiyaona haya. Alikuwa akipita, anasoma mashine, anageuza shingo. Hapa mimi mwenyewe nashindwa kumsimulia kwa upole. Mtu anamwona mama anamparua mwanawe kwa sababu ya maneno matatu aliyoyaandika yeye ili awahi chai, na anageuza shingo! Na sinia akalila. Loo.

Usiku uliofuata ule wa sinia, au ule ule, kwani saa hazikupatana, akaja Bi Kidawa. Hakuja mchana kwa kuwa mchana hutazamwa. Alisimama mbele ya meza ya Vuai, mfupi, buibui limepauka, mikono kaificha ndani.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Wewe ndiye Vuai?"

Vuai akatazama kitambulisho kifuani pake. Herufi zilikuwepo, lakini kwa kitambo hazikumwambia kitu.

"Nadhani ndiye."

"Nadhani yako kaa nayo. Mimi ni Kidawa, mpakaji wa piko." Akaitoa mikono. Vidole vyote kumi vilikuwa vyeusi ti, vyeusi kuliko vya Zuwena, vinang'aa. "Leo nimejipaka upya. Piko ile ile niliyompaka yule mtoto, ilibaki kidogo kwenye kopo. Nipime."

"Bi Kidawa, hapa hatupimi mtu ambaye si—"

"Nipime, mwanangu. Nimetembea na miguu hii."

Akambana kidole cha shahada. Kibanio kikafikiri. Tisini na saba.

"Kingine," akasema Bi Kidawa.

Tisini na saba. Cha tatu, tisini na sita. Kidole gumba, tisini na saba. Vuai akataka kuishia hapo, akaambiwa kingine. Mkono wa pili. Mpaka kidole cha mwisho, kidogo, kilichokunjika kwa baridi yabisi, kilichokunjuliwa polepole na mwenyewe. Tisini na saba. Taa ilipita katika ule weusi wote kama haukuwepo.

"Kumi vyote," akasema Bi Kidawa. "Sasa niambie. Yule mtoto piko yangu imemfanya nini?"

Ule mwanya aliokuwa ameuacha wazi, ule wa *kinaweza kuwa kweli*, alimokuwa akiingia kila usiku kujificha, ulifungwa pale mezani mbele ya macho yake. Themanini na nne ilikuwa themanini na nne. Yule binti alikuwa anazama, kidole chake kikasema nazama, na fundi wa pumzi akakijibu si kitu. Vuai aliona joto linampanda shingoni, masikioni, mpaka kwenye mizizi ya nywele. Alitamani ardhi ipasuke.

"Haikumfanya kitu," akasema.

"Sikukusikia."

"Piko haikumfanya kitu, Bi Kidawa. Namba ilikuwa ya kweli. Mimi ndiye sikupima mara ya pili."

Bi Kidawa akaivuta mikono yake ndani ya buibui.

"Mimi si wa kuambiwa. Mimi nilikuwa najua," akasema. "Nenda kamwambie mwenye mtoto."

Kutoka mezani mpaka kitanda cha saba ni hatua ishirini na mbili, Vuai alikuwa amezihesabu mara nyingi. Usiku ule zilirefuka. Pande zote mbili za korido vilipangwa viti, na kwenye kila kiti aliketi mtu aliyevaa koti la kazi kama lake, mwenye kikombe cha chai mkononi, na kila mmoja alikuwa na uso wake yeye Vuai, wa umri tofauti. Wa kwanza alikuwa kijana kabisa, ndevu hazijaota vizuri. Akipita mbele yao kila mmoja anainua kichwa na kumwambia kwa sauti ya kirafiki, si kitu. Si kitu, bwana. Keti. Chai hii hapa. Na wallahi aliwahi kupunguza mwendo, mbele ya yule mwenye umri wake hasa, kwa sababu kiti kando yake kilikuwa kitupu na miguu ilikuwa inamuuma. Akatazama nyuma. Bi Kidawa alikuwa anamfuata, na nyuma ya Bi Kidawa kandambili zilikuwa zinaburuzika. Akaendelea kwenda. Sitaki kumsifu kwa hilo, mtu hasifiwi kwa kuchelewa.

Bi Nunuu alikuwa kwenye kidole cha nne, msasa mkononi. Kibanio alikuwa amekivua kimpishe, amekiweka juu ya shuka, na mashine ilikuwa inalia kwa kukikosa kidole. Nesi Mgeni alikuwa upande wa pili. Jioni ile alikuwa ameipunguza dawa ya usingizi, kwa amri, ili waone kama binti ataanza kuamka.

"Mama," akasema Vuai. "Acha hicho kidole."

"Bado kidogo, baba. Hiki kinakaribia."

"Acha, mama. Hakina sumu. Hakikuwa nayo."

Bi Nunuu akainua macho, na mlangoni akamwona Bi Kidawa. Uso ukambadilika.

"Aha! Kakutuma huyu. Kakupitia kwa vijidawa vyake! Mwanamke, hukutosheka? Umekuja kumalizia?"

"Hakunituma. Kaja kupimwa, nimempima, piko yake haizuii taa." Akasogea karibu na kitanda. "Siku ile namba ilisema mwanao anakosa hewa. Ilisema kweli. Nilitakiwa nipime sikioni, na sikupima. Nilikwenda kunywa chai."

Mashine ikavuta, ikatoa.

"Lakini uliandika," akasema Bi Nunuu.

"Niliandika uongo."

"Uliandika! Wakubwa wakaja wakasoma wakasema imeonekana!"

"Walisoma uongo wangu, mama."

Bi Nunuu alipozungumza tena sauti ilikuwa ya chini, na lile neno baba halikuwemo tena.

"Nimekupikia, Vuai. Nimekaa jikoni na msiba wangu nimekupakia kuku. Nawe ukala."

"Nilikula."

"Ukala ukamaliza."

"Nilimaliza."

Hakuna kofi alilowahi kupigwa lililomwingia kama hayo. Alikuwa amedhani kwamba kusema kutamtua mzigo, ndivyo watu wanavyosema, ukisema unapumua. Hakupumua. Kwa sababu sasa Bi Nunuu alikuwa ameshusha macho kwenye mikono yake mwenyewe, msasa huku, kidole cha mwanawe huku, na kwenye shuka jeupe vumbi la kucha na alama ndogo ndogo za damu, za usiku huu na za usiku mwingine.

"Na haya?" akauliza. "Haya niliyomfanyia?"

"Ni yangu, mama. Yaweke kwangu."

"Yako vipi? Mkono ni wangu." Akauachia msasa, ukaanguka chini. "Mkono ni wangu, ya Rabi, na nilikuwa namwambia vumilia."

Akalia bila sauti, bega linatikisika. Vuai alisimama tu, hakujua mikono yake aiweke wapi. Alikuwa amekuja kuitua aibu yake, akamkabidhi mama wa watu nusu yake.

Bi Nunuu alipojifuta uso alifanya kitu kimoja. Aliuchomoa Ukurasa miguuni mwa kitanda, akampa.

"Andika."

"Kaka Vuai," Nesi Mgeni akamnong'oneza, "ukiandika hiyo, kesho huna kazi. Sema kwa mdomo inatosha."

"Ya mdomo haikutosha kumharibia huyu mama jina," akasema Bi Nunuu, bila kumtazama Bi Kidawa. "Aandike."

Akaandika. *Namba 84 ilikuwa ya kweli. Piko haina kosa. Sikupima mara ya pili kwa uvivu wangu.* Kalamu ilisita kwenye neno uvivu, mkono ukatafuta neno jingine, uchovu, kazi nyingi, yapo mengi mazuri. Akaliacha lile lile. Kisha jina lake kamili, Vuai Makame Shaame, na safari hii herufi alizitambua zote.

"Isome. Kwa sauti."

Akaisoma. Wagonjwa walioweza kugeuka wakageuka. Kitanda cha pili alikuwepo mzee aliyekuwa akimwita Vuai mkombozi, akasikia naye.

Ndipo Bi Nunuu akageukia mlangoni, na ilionekana wazi kwamba kila neno linamgharimu.

"Dada Kidawa. Pita ndani. Nilikuapiza kwa jina lako na jina la mamako, mbele ya watu. Nitakuja kwako mchana, mbele ya watu wale wale."

"Njoo," akasema Bi Kidawa. "Lakini leo sikukufuata wewe."

Akapita kati yao, akaenda kichwani mwa kitanda. Akasimama ghafla.

"Nyie. Mtoto macho."

Zuwena alikuwa amefumbua macho. Hayakuwa macho ya mtu anayetoka usingizini. Yalikuwa ya mtu aliyekuwepo siku nyingi. Machozi yalikuwa yameshamtiririka mpaka kwenye ushungi. Nesi Mgeni akamwuliza, Zuwena, unatusikia? Akafumba na kufumbua. Ulisikia na usiku mwingine? Akafumba na kufumbua. Bi Nunuu akatoa kilio, akamshika mkono, na Zuwena akauvuta mkono wake, polepole, kwa nguvu kidogo alizokuwa nazo, akauweka chini ya kiganja cheusi cha Bi Kidawa.

Mashine ilikuwa bado inalia. Vuai akakiokota kibanio, kwa kuwa ndiyo kazi yake na hakuna mwingine wa kuifanya mle. Akakifungua, akakisogeza.

"Zuwena. Naomba kidole."

Akaukunja mkono ule. Akaukunja na ule mwingine. Ngumi mbili ndogo, zimechubuka, zimekazwa.

"Kidole kimoja tu. Hata sikio. Nesi atakufungulia."

Akageuza kichwa juu ya mto, akakirudisha. Hapana.

"Mama, mwambie," Vuai akasema. "Bila namba sitajua—"

"Mimi siwezi kumwambia kitu," akasema Bi Nunuu.

Kwenye kioo cha mashine palikuwa na vistari viwili pale namba inapokaa. Vuai akakiweka kibanio mezani. Akainama karibu, kama fundi wa zamani kabla ya vibanio, akatazama: midomo kwanza, rangi yake, kisha pua, kama inapanuka, shimo la shingo, kama linaingia ndani, kisha kifua, kinavyopanda na kinavyoshuka, pande zote mbili, dakika nzima, na dakika ya pili. Muda wote huo Zuwena alikuwa anamtazama usoni, haondoi macho. Vuai alitamani mno kutazama chini. Lakini rangi ya midomo haionekani ukitazama chini, akabaki hivyo hivyo, anatazamwa, mpaka akawa na hakika kwamba anapumua.